Mlima Shukrani

Ipo nchi inayoitwa Upyani, ambayo wachora ramani wote wameisahau, na yenyewe haijawahi kulalamika. Jinsi Subilaga Mwakalinga alivyofika huko si jambo la kutuchelewesha. Kanisa lake la kule Rungwe lilimtuma akafundishe kwaya ya akina mama ya usharika mmoja wa mbali, naye akashukia siko, basi. Tumkute hapo hapo alipo, saa tatu ya asubuhi, amesimama katikati ya mji wenye giza, na watu wanampita wakienda kazini na taa mikononi kana kwamba hakuna ajabu yoyote.

Subilaga alikuwa mjane wa miaka hamsini na miwili, fundi cherehani, na mtu asiyeweza kuona jambo akalinyamazia. Akamsimamisha mzee mmoja aliyevaa joho jeupe pee, akamwamkia, akamuuliza jua liko wapi.

“Hicho ni kivuli cha Mlima, mama,” mzee akajibu kwa fahari. “Jua litatufikia saa nne na nusu. Mwaka jana lilikuwa linatufikia saa nne kasorobo. Tunaendelea vizuri sana.”

“Mlima gani huo unaokua?”

Mzee akainua taa yake akaelekeza mashariki. Mlima ulikuwepo kweli, ila haukuwa wa mawe. Ulikuwa wa vikombe, vitanda, masufuria, magodoro, viatu, chupa, milango na viti maelfu kwa maelfu, umepanda mpaka mawinguni, na kandokando yake ulifuka moshi mwembamba mchana na usiku. Kileleni ilipepea bendera.

“Mlima Shukrani,” mzee akasema, akavua kofia kwa heshima. Kisha akaitupa ile kofia barabarani, maana alikwisha kuivaa.

Mzee huyo alikuwa Baruku, Hakimu Mkuu wa Upyani. Alikuwa mtu mpole, mwenye ndevu za mvi alizoruhusiwa kubaki nazo baada ya mjadala mrefu bungeni, hoja iliyomwokoa ikiwa kwamba ndevu huota upya kila siku zenyewe. Ni yeye aliyemweleza mgeni desturi za nchi, wakitembea taratibu kwenye lile giza la asubuhi.

Ni vizuri tuseme mapema kwamba watu wa Upyani ni Wakristo, tena si Wakristo wa kubahatisha. Wanafunga, wanatoa, wanatembelea wagonjwa, na hakuna mgeni anayelala na njaa kwao. Kosa lao lilianza na babu yao mmoja, mwanzilishi wa nchi, aliyekuwa akisoma habari za mana kule jangwani. Alipofika mahali ambapo watu waliiweka mana mpaka asubuhi ikaingia funza, alishtuka, akafunga kitabu, akatunga sheria. Sheria yenyewe ni fupi: kila kitu ni zawadi ya Mungu, na anayetumia zawadi mara mbili anasema moyoni mwake kwamba Mtoaji ameishiwa. Mengine yote yamejengwa juu ya hapo.

Kwa hiyo Upyani kikombe hunywewa mara moja. Kiti hukaliwa mara moja. Ukiinuka tu, kimekwenda. Milango ya nyumba hubadilishwa kila Jumatatu. Kuosha sahani kunahesabiwa kuwa shaka, kupasha moto kiporo ni ukaidi, na kutia kiraka ni kufuru kabisa. Wanaofahamiana wakikutana njiani husimama kwanza kimya, kila mmoja akitafuta salamu ambayo haijawahi kutumika, na Subilaga kwa masikio yake alimsikia bwana mmoja mwenye heshima zake akimuuliza jirani yake, “Magoti ya shangazi yako yameamkaje?” Jirani naye akafikiri sana kabla ya kujibu kwamba moja limeamka.

“Na msitu?” Subilaga akauliza. “Viti vyote hivi mnavipasua kutoka wapi?”

“Zamani msitu ulikuwa hapa nyuma ya kanisa,” Baruku akasema. “Sasa wakata miti wanatembea siku nne. Tunawaombea.”

“Na maji?”

Hapo mzee alisita kidogo. Chemchemi ya mji ilikuwa chini ya Mlima. Miaka kumi na mmoja iliyopita Mlima uliikalia, na wananchi walifanya ibada ya shukrani kwa kuwa sadaka yao imekuwa kubwa kiasi hicho. Sasa walichota kijito kilichojipenyeza upande wa pili, chenye rangi ya chai na harufu isiyo ya chai, na kwa kuwa maji yanayotiririka ni mapya kila dakika, sheria haikuwa na neno nayo.

Jambo moja tu lilikuwa limewagawa watu wa Upyani, nalo ni jua. Chama cha Jua Jipya kilishikilia kwamba Mungu huumba jua lingine kila asubuhi. Chama cha Jua Lile Lile kilisema hapana, ni la jana, ila Mungu peke yake ndiye ameruhusiwa kutumia kitu mara mbili, kwa kuwa ni mali yake. Mjadala ulikuwa na miaka kumi na tisa bungeni. Ulichelewa kwa sababu kila kikao kilihitaji jengo jipya, na kila kilipoanza ilikuwa mwiko kurudia hoja iliyokwisha kutolewa, hivyo pande zote mbili zilikuwa zimebakiwa na hoja dhaifu tu. Subilaga alibana mdomo asicheke mbele ya mzee wa watu.

Baruku alimpeleka akafikie kwa Tirza, mama kijana ambaye mume wake alikuwa mmoja wa wakata miti, na wakati huo alikuwa njiani. Tirza alikuwa na mtoto wa kike wa miezi sita, Noemi. Mtoto alikuwa mzuri, macho maangavu, lakini kifua kilimsumbua. Moshi wa Mlima ukishuka, Noemi alikohoa mpaka mwili mzima ukatikisika, na mama yake alikaa amemshika tu, hana la kufanya. Subilaga, aliyelea watoto watano, alimpenda siku hiyo hiyo.

Jumapili alikwenda ibadani. Kila mtu aliingia na kiti kipya kichwani, kanisa likanukia mbao mbichi. Kwaya ilisimama ikaimba wimbo uliotungwa asubuhi ile, na kwa kuwa Upyani wimbo haurudiwi, hakuna mwanakwaya hata mmoja aliyeujua wakati wa kuuimba. Wenye sauti ya pili walifuata wa kwanza, wa kwanza waliwasubiri wa tatu, na wa tatu walitazama dari. Mwalimu wa kwaya ndani ya Subilaga aliteseka sana, lakini nyuso zao zilikuwa na furaha ya kweli, naye akajikuta anapiga makofi.

Kilichomtoa pumzi ni somo. Baruku, ambaye alikuwa pia msomaji, alifungua Maandiko mapya, akasoma ukurasa mmoja kwa sauti nzuri, kisha akauchana, akaukunja, akautupa kwenye kapu la mlangoni. Subilaga alishika kifua. Akamuuliza Tirza kwa kunong’ona, akaambiwa ndivyo ilivyo, ukurasa uliosomwa umetumika. Kila mwaka wachuuzi wa nchi jirani huleta vitabu vipya, na wachuuzi hao hawana haraka yoyote ya kuwarekebisha.

Jioni ile mtoto alilia sana. Tirza alitazama dirishani, akavuta pazia, akainama chini ya kitanda akatoa kitu alichokiviringisha ndani ya gazeti. Kilikuwa mbeleko, ya kitambaa cha buluu, laini kwa kuvaliwa. Alipomfunga Noemi mgongoni kwa mbeleko ile, mtoto akanyamaza palepale na kikohozi kikapungua.

“Usiniseme, mama,” Tirza akasema, macho chini. “Nina miezi sita naitumia hii hii. Nyingine zote ni mpya, ngumu, zinamkwaruza, halali. Nimejaribu. Mungu anajua nimejaribu.”

“Nikuseme kwa lipi, mwanangu?”

“Imeanza kuchanika. Hapa, ona. Ikiisha hii sijui nitafanyaje.”

Subilaga aliupapasa ule mchaniko. Alifungua mkoba wake, akatoa sindano na uzi. Uzi mweusi ulikuwa umekwisha, wa buluu hakuwa nao, uliobaki ulikuwa mwekundu tu. Akakata kipande kwenye pindo jekundu la kitenge chake mwenyewe, akashona kiraka kwa mishono midogo midogo, ya kufuatana, huku akiimba chini kwa chini wimbo aliouimba tangu utoto. Tirza alikaa karibu yake akitazama ile sindano inavyoingia na kutoka. Hakuwahi kuona kitu kilichoharibika kikirudi kuwa kizima. Walipomaliza walicheka wote wawili bila sababu, wakanywa uji, na Subilaga akaviosha vikombe akavirudisha mezani kwa ujeuri mtupu.

Jumatatu, siku ya kubadilisha milango, ndiyo siku ya ukaguzi. Karani wa Upya, kijana mrefu aitwaye Semaya, alipita nyumba kwa nyumba akiwa na glavu nyeupe na daftari lenye ukurasa mmoja. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa sheria, na aliipenda sheria kama wengine wanavyopenda mpira. Mlango wa zamani ulikuwa umeshang’olewa na mpya haujafungwa, kwa hiyo hapakuwa na wa kubisha wala wa kuonya, na Semaya akaingia moja kwa moja akamkuta Tirza na mtoto mgongoni. Kiraka chekundu kwenye kitambaa cha buluu kinaonekana hata na mwenye mtoto wa jicho.

“Dada Tirza,” Semaya akasema, uso umemshuka, “hicho ni nini?”

“Ni mimi niliyeshona,” Subilaga akadakia. “Mkono ni wangu, sindano ni yangu. Niandike mimi.”

“Wewe ni mgeni, mama, sheria haikushiki. Aliyetumia ni yeye.”

Adhabu ya kufuru Upyani ni moja: mkosaji huhamishiwa Nyuma ya Mlima, upande ule moshi unakolala mchana kutwa. Watu wazima waliopelekwa huko walirudi, wale waliorudi, wakiwa na sauti za kukwaruza. Hakuna mtoto mwenye kifua kibovu aliyewahi kupelekwa, na hakuna aliyehitaji kuelezwa matokeo. Tirza hakulia. Alimfungua Noemi mgongoni akamweka kifuani, akamshikilia. Subilaga ndiye aliyelia, maana wema wake ndio uliomponza mwenziwe, na aliijua sindano yake kuwa ndiyo iliyoandika kesi.

Kesi ilisikilizwa kesho yake asubuhi kanisani, kila mtu na kiti kipya. Baruku alikaa mbele. Semaya alisimama akaeleza mashtaka kwa adabu, bila kuongeza chumvi: kitambaa kimoja, miezi sita, kiraka kimoja. Watu waliguna kwa huzuni. Walimpenda Tirza, lakini waliamini kwa dhati kwamba wakimwachia, mwaka ujao Mungu atakata tamaa nao.

Subilaga aliomba kusema, akaruhusiwa.

“Wazee wangu, baba zangu na mama zangu,” akaanza, “mimi kwetu ni mfuasi wa Yesu yule yule wenu. Nimebatizwa, nimefunga ndoa kanisani, nimezika mume kanisani. Sijaja kubeza imani yenu. Lakini mtu akikupa zawadi, nawe ukaitupa mbele ya macho yake kabla haijapoa, anajuaje kwamba umeipenda?”

“Anajua kwa sababu tunashukuru,” Baruku akajibu. “Unaona Mlima ulivyo mkubwa.”

“Naona, baba. Naona hata jua linauona.”

Kicheko kidogo kilipita nyuma ya kanisa, kikazimwa. Subilaga akatoa Maandiko yake mkobani, yaliyofungwa kwa mpira kwa kuwa jalada lilikwisha kuachia. Alitaka kuwasomea. Semaya aliinua glavu.

“Pingamizi, Mheshimiwa. Kitabu hicho kimesomwa. Angalia hizo pembe zilivyojikunja. Kitabu kilichokwisha kusomwa hakiwezi kutoa ushahidi.”

“Pingamizi limekubaliwa,” Baruku akasema kwa masikitiko. “Samahani, mama. Kimetumika sana hicho.”

Subilaga alikaa chini. Mtoto alikohoa, na kanisa zima lilitazama sakafu. Akaikumbuka ibada ya juzi, ule ukurasa unavyochanwa. Akasimama tena.

“Baba, niulize swali moja tu. Habari za mikate mitano na samaki wawili mnazo?”

Nyuso zikachangamka. Kumbe ndilo somo walilolipenda kuliko yote. Lilisomwa kila Sikukuu ya Mavuno, wakaeleza wote kwa pamoja, mmoja akimdaka mwingine. Umati wenye njaa, mkate ukamegwa, ukamegwa tena, wakala maelfu ya watu.

“Na mwisho wake?”

“Wakashiba,” kanisa likajibu.

“Halafu?”

Watu wakatazamana. Baruku akafafanua kwamba msomaji akifika kwenye neno la kushiba, wote huinuka kwa shangwe, hutoka nje kwenye karamu ya mavuno, na ukurasa hutupwa. “Kuna nini tena, mama, baada ya kushiba?”

“Ukurasa ulikuwa umeisha hapo?”

Baruku alifikiri. Alikuwa mkweli. “Hapana,” akasema polepole. “Ulibaki kama nusu.”

“Hiyo nusu mliisoma?”

“Hatukuisoma.”

“Mwaka wowote?”

“Tunatoka kwenda kula, mama.”

Subilaga akasogea mbele. “Basi nusu hiyo haijatumika. Kwa sheria yenu wenyewe ni mpya. Na mimi naomba mahakama iisome kabla ya kumhamisha Tirza na mtoto wake.”

Kelele zilizofuata zilikuwa kubwa kiasi kwamba Noemi aliacha kukohoa akasikiliza. Semaya alisema kilichotupwa kimetumika. Mama mmoja akauliza kama chungu kikikuponyoka kabla hujapika, umekipikia? Semaya akasema chungu si ukurasa. Mkata miti mstaafu akasema yeye alitupa kiti mwaka juzi kabla hajakikalia, kwa bahati mbaya, na kimemkera mpaka leo. Baruku aliwaacha wote waseme, mpaka zilipobaki hoja dhaifu tu. Kisha akaamua.

“Kutupwa ni kutupwa, kutumika ni kutumika. Sheria inakataza la pili. Vitabu vipya havifiki mpaka mwakani, kwa hiyo ukurasa wa Mavuno utafutwe. Ukipatikana kabla ya kengele ya jioni, utasomwa. Usipopatikana, Tirza atahama leo hii.”

“Utafutwe wapi?” mtu akauliza, ingawa kila mmoja alijua.

Hakuna aliyewahi kuugusa Mlima. Walisimama chini yake mia kadhaa, mikono imewaning’inia. Hapo ndipo Semaya, mshitaki mwenyewe, alipokohoa akasema, “Taka za kanisa hupelekwa upande wa kaskazini. Za Mavuno zitakuwa chini ya zile za Mwezi wa Toba, kama mita mbili hivi. Najua kwa kuwa ni kazi yangu kujua.” Subilaga alimtazama akampenda ghafla.

Wakaanza. Mwanzoni kwa ncha za vidole, kila mmoja akiogopa kuonekana anatumia kitu. Lakini huwezi kuhamisha godoro kwa ncha za vidole. Ilibidi kupokezana mkono kwa mkono, na vitu visipangwe ovyo vikaporomoka tena, kwa hiyo ilibidi viti vikae na viti, sufuria na sufuria, nguo na nguo. Hakuna aliyeamuru. Walitaka nafasi tu, na nafasi haikupatikana kwa njia nyingine.

Kisha kicheko kikaanza. Seremala mmoja aliokota kiti, akakigeuza, akakipapasa miguu. “Hiki nilikitengeneza mimi,” akasema. “Ndicho kizuri kuliko vyote nilivyowahi kutengeneza. Kilikaliwa dakika tano.” Mama mmoja akakuta sufuria ya arusi yake, akaisugua kwa kiwiko ikang’aa. Bibi mmoja akakuta koti la marehemu mumewe, akaliweka usoni, akalia na kucheka kwa pamoja, na watu wakampisha. “Kumbe vipo,” walikuwa wanaambiana. “Kumbe kila kitu kipo.” Mchana ulipofika walikula wamesimama, na hakuna aliyekumbuka kutupa sahani kwa kuwa walikuwa na haraka ya kurudi. Subilaga alikuwa ameikunja mikono ya blauzi, vumbi mpaka kwenye nyusi, akigawa kazi kama anavyogawa sauti za kwaya. Hakumbuki siku nyingine aliyochoka kwa raha namna ile.

Mahali fulani chini ya rundo la kengele zilizovunjika udongo ukawa mbichi. Waliwaza ni uvujaji, mpaka mtu alipolamba kidole. Ulikuwa uzi mwembamba tu wa maji, lakini maji yasiyo na rangi, ya baridi. Walimpitishia Tirza kwanza, amnyweshe mtoto.

Lakini ukurasa haukuonekana. Jua liliegemea magharibi, na mpiga kengele alikwisha kutembea kwenda kanisani, polepole kadiri alivyoweza. Walipata kurasa za Krismasi, za Pasaka, za siku za mvua, zote zimesomwa mpaka chini. Tirza alikuwa ameketi pembeni na kitita kidogo miguuni, tayari kwa safari, na watu walikwepa kukitazama.

Semaya alikuwa peke yake shimoni, glavu zimechakaa hazina hata rangi. Akatoa donge la karatasi, akalikunjua gotini. Akasoma juu, akaona mikate. Akaona neno la kushiba. Akaona chini yake mistari ambayo jicho la Mpyani hata mmoja halijaipitia. Alikuwa peke yake, na kama angeufukia tena hakuna ambaye angejua. Subilaga, aliyekuwa juu ya shimo, alimwona akiinamisha kichwa. Kisha kijana akapanda juu, akamkabidhi Baruku ukurasa kwa mikono miwili.

“Ni huu, Mheshimiwa,” akasema. “Sehemu ya chini haijaguswa. Nathibitisha.”

Mpiga kengele aliona, akaiachia kamba bila kuivuta.

Baruku alipanda juu ya meza moja iliyookotwa, watu wakiwa wamesambaa Mlima mzima, wengine wamekalia viti walivyovipata. Akaweka karatasi karibu na macho, maana ilikuwa imelowa, akasoma. Yalikuwa maneno machache sana. Kwamba watu walipokwisha kushiba, Bwana hakuwaambia waende. Aliwaagiza wanafunzi wake wazunguke waokote vipande vyote vilivyosalia, kwa kuwa hakutaka hata kimoja kipotee. Wakaokota, na mabaki ya mkate aliouzidisha Mungu mwenyewe yakajaza vikapu kumi na viwili.

Baruku alimaliza. Yule aliyeweza kutoa mkate kutoka hewani ndiye aliyeinamisha watu wake chini kuokota makombo, na kila mmoja pale juu ya Mlima alikuwa anaifikiria sufuria yake, kiti chake, msitu wa siku nne. Mikono ya mzee, kwa mazoea ya miaka arobaini, ilianza yenyewe kuuchana ukurasa.

“Mzee,” Tirza akasema. Alikuwa amesimama, Noemi mgongoni. “Soma tena.”

Mikono ikasimama. Baruku hakuwahi kusoma neno mara mbili maishani mwake. Ikiwa hakimu mwenyewe atarudia, hakutakuwa na sheria ya kumhamisha mtu yeyote, na hilo alilijua, na Tirza alilijua. Akamgeukia karani wake, kama anayeomba pingamizi.

Semaya alivua glavu. “Mimi sikusikia vizuri, Mheshimiwa,” akasema.

Mzee akaunyoosha ule ukurasa kifuani kwake, akasafisha koo, akasoma tena kuanzia juu, safari hii taratibu, machozi yakimtiririka kwenye ndevu. Na alipofika kwenye vikapu hakuwahi kutaja hesabu yake, maana Mlima mzima, watoto kwa wazee, ulimtangulia kwa sauti moja ukasema kumi na viwili, kwa sababu sasa walikuwa wanajua.